Kabla Hujaandika "Hakuna Marejeo"

Juzi nimepokea ujumbe kutoka kwa msomaji anayesoma shahada ya umahiri ya Kiswahili: "Shikamoo dada. Nataka tasnifu yangu iwe kuhusu michezo na nyimbo za watoto wa mtaani kwetu, ila msimamizi anasema mada ni nyepesi na haina marejeo. Nibadilishe?"

Marahaba, mdogo wangu. Usibadilishe.

Ujumbe wako umenitonesha. Mimi niliambiwa maneno hayohayo mbele ya darasa zima, na mhadhiri ambaye sitamtaja wala chuo chake sitakitaja. "Hayo ni mambo ya chekechea," alisema, na darasa likaangua kicheko. Baadhi ya waliocheka siku ile leo wananiomba orodha yangu ya marejeo. Nawatumia, kwa sababu mama yangu hakunilea kunyima watu, lakini kile kicheko nakikumbuka vizuri sana.

Nikwambie watu wanakwama wapi. Mtu anafika maktaba ya chuo kikuu, anakaa kwenye kompyuta, anaandika "fasihi simulizi ya watoto", yanatoka matokeo mawili na kimoja hakipo rafuni. Anafunga, anarudi bwenini, anaandika kwenye pendekezo lake kwamba eneo hili halijatafitiwa. Ndugu yangu, limetafitiwa, ila limetawanyika. Maktaba inayofuata mpangilio wa Dewey, wa kupanga vitabu kwa namba za mada, itakupeleka 398 kwa ngano, vitendawili na methali, lakini michezo iko 790, nyimbo 780, elimu 370. Kwenye mpangilio wa Maktaba ya Bunge la Marekani, unaotumia herufi, mapokeo ya jadi yako GR, michezo GV, muziki M, elimu L, na Kiswahili chenyewe kiko PL. Mtoto anayecheza ukuti ukuti anaimba, anacheza na anajifunza kwa wakati mmoja, kwa hiyo habari zake zimegawanywa kwenye rafu nne. Zizungukie zote kwa miguu. Vitabu nilivyovihitaji zaidi sikuvipata kwenye kompyuta, nilivikuta jirani na nilichokuwa nakitafuta.

Halafu soma kamusi. Najua unashangaa. Nilipoishiwa pa kwenda nilianza kupekua kamusi za zamani ukurasa kwa ukurasa: ya Krapf ya 1882, ya Johnson ya 1939, ya Sacleux kwa Kifaransa ya mwaka huohuo, pamoja na orodha ya maneno aliyoiweka Edward Steere kwenye kitabu chake cha sarufi cha 1870. Nikakutana na "tinge", mchezo ambao kiongozi anafanya kitendo na wenzake wote wanamwiga. Mchezo huo tuliucheza uwanjani kwetu bila kuujua kwa jina hilo! Nilikaa nikitabasamu peke yangu hadi dada wa kaunta akaniuliza kama niko salama. Hapo ndipo nilipopata sura nzima: orodha ya majina ya michezo kutoka kwenye kamusi, kisha kwenda mtaani kuuliza ipi bado inachezwa na kwa jina gani. Sura hiyo ndiyo iliyosifiwa kuliko zote siku ya utetezi. Nasema tu ukweli.

Steere huyohuyo, mmisionari wa Kianglikana aliyekuja kuwa askofu, alichapisha London mwaka 1870 hadithi alizozikusanya Unguja, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Humo yumo Goso mwalimu, anayefundisha watoto chini ya mti na kuuawa na tunda lililoangushwa na mnyama paa. Wanafunzi wanatoka kumsaka muuaji. Wanaushika upepo wa kusi, nao unajitetea kwamba ungekuwa na nguvu hizo usingezuiwa na kiambaza. Kiambaza kinamsukumia panya, panya anamtaja paka, na mnyororo unaendelea hivyo hadi kwa paa, ambaye hana la kujibu. Hadithi ya kujibizana namna hii mtoto huishika haraka, na ukiisikia leo popote pwani unaweza kuilinganisha na maandishi yenye umri wa zaidi ya miaka 150. Mtu akikwambia mada nyepesi, muulize ni mada ngapi za kwake zina ushahidi wa aina hiyo.

Lakini hapa fungua macho. Goso alisimuliwa na watu wazima. Anachosimuliwa mtoto na bibi yake ni kitu kimoja, na anachofundishwa na mtoto mwenzake nyuma ya nyumba ni kingine. Iona na Peter Opie wa Uingereza, kwenye kitabu chao cha 1959, walikusanya mashairi, mafumbo na matusi kutoka kwa watoto kama 5,000 wa shule 70 hivi, na hoja yao kuu ilikuwa kwamba haya hupita kutoka mtoto hadi mtoto, mzazi hayumo kabisa. Soma utangulizi wao hata kama mifano yao haikuhusu. Kombolela, rede na mdako hukufundishwa na mama yako.

Msimamizi akikuuliza "huu ni utanzu gani?", na atauliza, mpeleke kwa Mulokozi, mtaalamu wa fasihi ya Kiswahili, makala yake ya tanzu za fasihi simulizi katika jarida la Mulika namba 21 ya 1989. Amezigawa sita: mazungumzo, masimulizi, maigizo, ushairi, semi na ngomezi (ujumbe wa ngoma). Wimbo wa mchezo unashika ushairi na maigizo kwa pamoja. Hilo ndilo tatizo lako la utafiti, ameshakupa bure.

Mulika na Kiswahili, majarida ya iliyokuwa TUKI na sasa TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yapitie toleo kwa toleo. Pitia pia jarida la Tanganyika Notes and Records, lililoanza 1936. Ukiweza fika Mlimani, kwenye maktaba ya chuo hicho, penye mkusanyiko wa East Africana wa machapisho ya Afrika Mashariki, nenda na barua ya utambulisho na penseli, na usitegemee kuondoka na kitabu. Tasnifu za waliokutangulia soma orodha za marejeo kwanza.

Kizazi hiki tunapenda njia ya mkato. Mtu anataka PDF tatu kutoka intaneti, anabandika nukuu, anaita utafiti. Maktaba inataka makalio, wapendwa! Inataka kukaa, kunakili, kurudi kesho. Wanaotudharau wanajua hatutakaa, ndiyo maana wanathubutu kusema hakuna marejeo.

Ukishamaliza rafu, ndipo uende kwa watoto, na usiende na simu yako tu kama mpita njia. Chukua kibali cha chuo, barua ya halmashauri, ruhusa ya mwalimu mkuu, na ridhaa ya wazazi iliyoandikwa kabla hujarekodi sauti ya mtoto yeyote. Majina yao yasitokee kwenye kazi yako.

Halafu niandikie tena. Ila usinitumie sura ya pili kabla hujapekua kamusi hizo nne, kwa sababu nitakuuliza habari za tinge.