Soketi tatu zaidi barazani

SWALI: Fundi, salaam. Soketi za sebuleni kwangu zimeungwa kwa ringi, yaani kebo inayopita soketi zote na kurudi kwenye breka. Baraza nimeiziba ikawa chumba, nataka soketi tatu za friji ndogo, feni na kuchajia simu. Naweza kuvuta kebo kutoka soketi ya karibu?
Msomaji, Likoni

JIBU: Inawezekana, dada, lakini kwa tawi lenye fyuzi, yaani kebo inayochepuka kutoka kwenye ringi kupitia fyuzi yake. Ringi ya kebo ya mm 2.5 hulindwa na breka ya ampea 32 kwa sababu umeme huifikia kila soketi kwa pande mbili. Tawi lina kebo moja tu. Ukiliwekea soketi tatu bila fyuzi, kebo hiyo yaweza kuchemka na breka isishtuke. Weka swichi yenye fyuzi ya ampea 13 mwanzoni mwa tawi. Mzigo ukizidi, fyuzi ndiyo itakayokatika.

Soketi yenye kebo moja nyuma usiiguse: huenda tayari ni tawi. Hata zikiwa mbili, lazima ipimwe kama kweli imo ndani ya ringi. Breka izimwe, kisha mita ithibitishe kuwa hakuna umeme. Bisibisi ya taa, ile ya kupimia umeme, siiamini kamwe kwa uhai wa mtu.

Kazi yenyewe mpe fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, naye aipime ringi nzima kabla ya kuunga chochote.

Tena, nakuomba: hita ya kuogea isiungwe hapo. Ya kilowati 5 hula zaidi ya ampea 20, inataka kebo na breka yake yenyewe.