Maswali yenu: siku 21, simu kitandani na akiba ya kibarua

Barua nyingi za safari hii zinaanza kwa kujilaumu: mimi ni mvivu, sina msimamo, labda nimelaaniwa. Ukisoma chini kidogo unakuta jambo lingine kabisa. Mtu amekusudia kitu kizuri, lakini hakukipangia saa, wala mahali, wala cha kumkumbusha. Mazoea hukaa juu ya mafiga matatu kama chungu: kichocheo kinachokuanzisha, tendo lenyewe, na faida unayoionja papo hapo. Figa moja haliinjiki chungu. Kwa hiyo katika majibu haya tutakuwa tukitafuta figa lililokosekana kabla ya kumlaumu mpishi.

Niliamka saa kumi na moja alfajiri siku 21 mfululizo nikiambiwa zikitimia inakuwa tabia. Wiki iliyofuata niliteleza siku mbili, na sasa nimerudia saa moja. Nilikosea wapi? (Msomaji, Kayole)

Ulipewa hesabu isiyo sahihi. Hizo siku 21 zilitokana na daktari mmoja wa upasuaji wa sura nchini Marekani, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku kama 21 kuizoea sura mpya. Watu wakaliacha neno "angalau", wakauacha na upasuaji, ikabaki namba peke yake.

Kuna waliopima jambo hili kwa makini. Mwaka 2009 Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha matokeo ya watu 96 waliofuatiliwa kwa wiki 12, kila mmoja akiwa amechagua jambo moja la kula, kunywa au mazoezi, alifanye kila siku baada ya kichocheo kilekile. Mtu wa katikati alihitaji siku 66 hadi jambo lifanyike bila kujisukuma. Wa haraka zaidi alihitaji siku 18, na wa mwisho alikadiriwa kuhitaji 254. Jambo jepesi kama kunywa glasi ya maji huzoeleka upesi, mazoezi ya mwili huchelewa. Tena walikuta kwamba kuikosa siku moja hakukuharibu kilichokwisha kujengwa. Kwa hiyo siku zako mbili hazikubomoa kitu. Kilichobomoa ni uamuzi wako kwamba umeshindwa.

Sasa turudi kwenye kuamka. Kuamka mapema ni zoea la usiku. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi, kwa hiyo anayetaka kuamka saa kumi na moja awe amelala kufikia saa nne usiku. Usiruke kutoka saa moja hadi saa kumi na moja kwa siku moja. Irudishe saa ya kuamka nyuma kwa dakika 15, kaa hapo siku nne au tano, kisha rudisha 15 nyingine. Ni hatua 8, yaani wiki tano hadi sita. Jumapili usilale zaidi ya saa moja kupita kawaida, la sivyo Jumatatu unaanza safari upya.

Hapa Nairobi jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kwa hiyo saa kumi na moja bado ni giza na mwili unaamini ni usiku. Washa taa mara tu miguu inapogusa sakafu. Chai ya rangi nzito au kahawa ikome saa tisa mchana, kwa kuwa nusu ya kafeini huwa bado iko mwilini baada ya saa kama tano. Na kuna swali ambalo hukutuambia jibu lake: ukishaamka, kuna nini? Kama hakuna kazi inayokungoja saa hiyo, kitanda kitashinda kila siku, na kwa haki.

Ninaingia na simu kitandani saa nne, nikisema dakika tano tu. Nikiinua macho ni saa saba usiku. Ninaishi chumba kimoja, kwa hiyo ushauri wa kuacha simu chumba kingine haunisaidii. (Dada wa Umoja)

Dada, chumba kimoja kinatosha. Unachohitaji ni umbali ambao mkono hauufikii ukiwa umelala. Chaji simu karibu na mlango au karibu na jiko, hata kwa waya wa kurefusha stima ikibidi. Nunua saa ndogo ya mezani yenye kengele, kwa sababu simu hupanda kitandani kwa kisingizio cha kengele. Kama unahofia simu ya dharura kutoka nyumbani, iache iite kwa sauti ya juu na uzime data peke yake. Mama akipiga utasikia, video hazitaingia.

Mbinu hii si ya kitoto. Watafiti wa Marekani, akiwemo Wendy Wood, waliwahi kuwapa watu bisi kwenye sinema, nyingine zikiwa mpya na nyingine zilizochacha kwa kukaa wiki nzima. Waliozoea kula bisi sinemani walizila zilizochacha sawasawa na zile mpya, ingawa walisema hazina ladha. Walipoambiwa wale kwa mkono wasiouzoea, zoea likakatika, wakaanza kupima wanachokula. Usumbufu mdogo wa mwili unaiamsha akili. Kutembea hatua sita gizani kwenda mlangoni ni usumbufu wa aina hiyo.

Ila usiache pengo. Mkono uliozoea kushika kitu saa nne usiku utatafuta kitu. Weka juu ya mto, tangu asubuhi unapotandika, kitabu, daftari, hata nguo ya kushona kifungo. Wiki ya kwanza utachelewa kupata usingizi, na hapo ndipo wengi huifuata simu mlangoni. Vumilia, kwa kawaida hali hutulia baada ya siku chache.

Ninafanya mjengo, siku nyingine ninapata 800, nyingine sipati. Kila mwisho wa mwezi ninasema nitaweka kinachobaki, na hakibaki. (Kaka wa Mukuru)

Hakibaki kwa mtu yeyote, hata mwenye mshahara mnono. Pesa isiyo na kazi mfukoni hutafutiwa kazi na majirani, na vibanda, na simu yenyewe. Akiba lazima itoke kabla, na itoke kwa kichocheo kisichohitaji kukumbuka.

Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer ameonyesha kwa miaka mingi kwamba anayepanga kwa muundo wa "ikitokea hivi, nitafanya vile" hutekeleza kuliko anayesema tu "nitajitahidi". Wako uwe huu: *ujumbe wa M-Pesa wa malipo ukiingia, kabla sijaondoka kwenye lango la mjengo nitahamisha shilingi 10 kwa kila 100.* Ukipata 800, ni 80. Ukipata 500, ni 50. Siku usiyopata, huna deni. Tunapendelea sehemu ya kumi kuliko kiasi kimoja kwa mtu wa kibarua, kwa sababu kiasi kimoja huumiza siku ya njaa na siku hiyo ndiyo hulivunja zoea. Hata ukiwa na wastani wa 50 tu kwa siku 26 za kazi, ni 1,300 kwa mwezi na 15,600 kwa mwaka.

Ipeleke pasipofikika kirahisi. Akaunti ya kufungia akiba iliyo ndani ya M-Shwari inafaa, na kuhamisha pesa kutoka M-Pesa kwenda huko hakutozwi. Chama nacho ni kizuri kwa sababu ya macho ya wenzako, mradi kina daftari na kila mmoja analiona. Angalia pia Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa unaoziba pengo salio lisipotosha. Ukiwa na deni lake, pesa inayoingia inakatwa kwanza kabla hujaiona, na ile sehemu yako ya kumi inakosa pa kutoka. Anza kwa kulimaliza deni hilo, uache kulitumia kwa nauli na vocha, ndipo uanze akiba. Ukipindua mpangilio huo utakuwa unaweka kwa mkono mmoja na kukopa kwa ada kwa mkono mwingine.

Nataka kusoma vitabu lakini ninatoka Rongai saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa mbili usiku. Nisome saa ngapi? (Mzazi wa watoto wawili)

Kwenye matatu, mama, asubuhi. Jioni umechoka na taa za gari ni hafifu au ni za rangi rangi, usijitese. Kichocheo chako ni kondakta: akishachukua nauli, kitabu kinatoka. Kurasa 10 kwa siku za kazi ni kurasa 200 hivi kwa mwezi, ambazo ni kitabu kimoja cha wastani. Tumia kitabu cha karatasi, kwanza kwa kuwa simu itakupeleka kwingine, pili kwa kuwa simu mkononi karibu na dirisha lililo wazi kwenye foleni ni mwaliko kwa wanyakuzi. Ukisikia kichefuchefu, kaa mbele, soma gari likiwa limesimama kwenye foleni, na likianza kukimbia inua macho uangalie mbali.

Si lazima ununue. Maktaba ya McMillan iko katikati ya jiji tangu mwaka 1931, na ina matawi Kaloleni na Makadara.

Mazoezi nifanyie wapi? Pipeline hakuna hata uwanja wa kuruka kamba. (Kijana wa ghorofa ya sita)

Umejijibu kwenye sahihi yako. Ngazi za ghorofa sita ni uwanja tosha. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya kiasi, yaani dakika 30 kwa siku tano, na unaweza kuzigawa vipande vipande. Anza na kupanda ngazi mara mbili unaporudi kutoka kazini, kabla hujavua viatu. Ukivua viatu na kukaa, siku imekwisha. Ongeza mzunguko mmoja kila wiki. Shuka polepole ukishika ukuta, maana magoti huumia wakati wa kushuka kuliko kupanda. Na kama umefika majuzi kutoka Pwani, usishtuke pumzi zikikata: Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mwili huhitaji wiki kadhaa kuzoea.

Ninaweka vijiko vinne vya sukari kwa kikombe. Niache mara moja? (Msomaji, Githurai)

Hapana. Punguza nusu kijiko kila baada ya siku kumi. Ulimi hauna habari. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 4 hivi, kwa hiyo vikombe viwili vyako tayari ni gramu 32, wakati kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakiona bora ni chini ya 25 kwa siku nzima. Sawazisha kijiko kwa kisu unapopima, maana kijiko cha mlima ni karibu viwili. Tangawizi au iliki husaidia kuziba pengo.

Nimejaribu kuacha pombe mara tatu. Nikikaa bila kunywa, asubuhi mikono inatetemeka na jasho linanitoka. Nipeni mbinu. (Jina limehifadhiwa)

Ndugu yetu, mbinu zote zilizotangulia ni za mazoea, na ulilo nalo limevuka hapo. Mikono kutetemeka ni dalili kwamba mwili umeshaitegemea pombe. Ukiikata ghafla ukiwa peke yako unaweza kupata degedege, kuchanganyikiwa, hata kupoteza maisha, na hatari hiyo huwa kubwa katika siku tatu za kwanza hivi. Tafadhali usijaribu mara ya nne nyumbani. Daktari ana dawa zinazotuliza mwili kwa siku kadhaa huku pombe ikitoka. Hospitali ya Mathari, barabara ya Thika, inashughulikia wagonjwa wa uraibu, na simu ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ni 1192, haitozwi. Ukianza kuona au kusikia vitu visivyokuwepo, au ukipata degedege, upelekwe hospitali iliyo karibu zaidi saa hiyohiyo. Nenda na mtu anayejua ulikunywa lini mara ya mwisho na kiasi gani, kwa sababu daktari atauliza hayo kabla ya mengine.