Kabla ya Kuchora Banda la Umma Ufuoni Mfangano

Ukipewa kazi ya kuchora banda la umma Mfangano, Rusinga au Takawiri, visiwa vya Ziwa Victoria upande wa Kenya, paa lisubiri. Tafuta kwanza alama ya maji. Kati ya mwisho wa 2019 na Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita moja, likavuka rekodi ya 1964. Mwaka 2024 likapanda kupita hapo. Wavuvi watakuonyesha maji yalikofika: shina la mti uliokauka, ukuta wenye mstari wa tope. Hamisha alama hiyo kwa mpira wa maji (bomba angavu la kupimia usawa) hadi kwenye kiwanja chako, kisha inua sakafu angalau sentimita 60 juu yake, maana mstari wa tope hauhesabu mawimbi.

Halafu keti ufuoni tangu alfajiri hadi jioni. Utaona omena wakianikwa kwenye nyavu chini, na wamama wakigeuzageuza. Ukijenga juu ya uwanja huo umewanyang'anya riziki, hata kama mchoro wako unapendeza. Kamati ya ufuo (BMU) ikushauri mahali kabla hujapeleka ombi NEMA, mamlaka ya mazingira. Banda lililochorewa wageni pekee huishia kuwa zizi la mbuzi.

Mfangano na Takawiri kila kitu kitavuka kwa boti, na hapa ndipo wengi hukwama. Nondo huuzwa kwa mita 12, haziingii botini, na zikikunjwa huwa taabu kunyoosha. Agiza zikatwe mita 6 ukiwa bado Mbita, mji wa bara, na uonyeshe kwenye mchoro mapishano (sehemu nondo mbili zinapolaliana) ya sentimita 60 kwa nondo za milimita 12. Simiti ifunikwe turubai juu na chini. Mchanga usichotwe ufuoni, utakaribisha mawimbi hadi kwenye msingi wako mwenyewe.

Banda lisilo na kuta hupigwa na upepo kutoka chini ya paa. Misumari peke yake haitoshi: funga kenchi (fremu za paa) kwenye nguzo kwa vyuma bapa na bolti. Radi ni kali ukanda huu, kwa hiyo weka kinga yake.

Paa la mita 8 kwa 12, mvua ikinyesha milimita 20, hukupa takriban lita 1,500 baada ya kinachopotea. Weka tangi, kwani ziwani kuna kichocho. Usichore ngazi za kuingia majini, watoto watashinda humo. Taa za sola zitundikwe mbali na viti, la sivyo wadudu wa ziwa watafukuza watu usiku.