Jibu: Kwa nini vipimo vyote hivi kabla ya kufunga waya wa kunyoosha meno?

Dada, umeuliza kwa nini daktari anataka eksirei ilhali meno ya binti yako wa miaka 12 yanaonekana wazi kuwa yamechomoza, na kwa nini anataja kung'oa meno mazima. Hakuzungushi. Meno ya juu yakichomoza, huenda yenyewe yameinama mbele, au taya la chini ndilo lililobaki nyuma, na tiba zake hazifanani. Eksirei ya kichwa kwa upande hutenganisha hayo mawili. Ile ya mataya yote huonyesha mizizi na meno yaliyokwama ndani ya mfupa, hasa chonge za juu. Ataangalia pia magego ya kwanza yanavyokutana, utaratibu wa daktari wa meno Mmarekani Edward Angle wa mwaka 1899 ambao bado unatumika.

Kung'oa si lazima kwa kila mtu. Hufanywa nafasi ikiwa finyu, mara nyingi kwa magego madogo, yaliyo kati ya chonge na magego makubwa. Muulize nafasi inapungua kwa milimita ngapi, na kama kuna njia nyingine kwa kuwa mtoto bado anakua.

Waya husukuma jino taratibu: mfupa humomonyoka upande unaobanwa na kujengwa upande wa pili. Ndiyo maana kazi huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili hivi. Nguvu kubwa mno inaweza kufupisha mizizi.

Meno yaliyooza na fizi zinazotoka damu vitibiwe kwanza. Na waya ukitolewa, avae kifaa cha kushikilia meno kama atakavyoelekezwa, la sivyo yatarudi yalikotoka.