Mama anabadilishiwa vali ya moyo: figo zake zitastahimili?

SWALI: Habari daktari. Mama yangu ana miaka 61, tunaishi Kayole. Wiki ijayo anabadilishiwa vali ya moyo hapa Nairobi. Ana kisukari na presha, na kreatinini yake, kile kipimo cha damu cha figo, ni 132. Jumatatu alipigwa picha ya mishipa ya moyo, ile ya kudungwa dawa ya rangi. Magoti humsumbua, kwa hivyo humeza diklofenaki karibu kila siku. Jirani anatuambia watu wakipasuliwa moyo huishia dialisisi, kusafishwa damu kwa mashine. Ni kweli?

JIBU: Salama, dada, na pole kwa wasiwasi. Kabla ya lolote: mama asimeze diklofenaki tena kuanzia leo, wala ibuprofeni. Dawa hizi hupunguza damu inayoingia kwenye figo, na figo za mama hazina akiba. Kwa magoti atumie parasetamoli kwa kipimo atakachopewa na daktari wake.

Sasa neno la jirani. Figo kutetereka baada ya upasuaji wa moyo ni jambo la kawaida. Kati ya wagonjwa 100, kama 20 hadi 30 hupata jeraha la kiasi fulani, na kwa wengi kreatinini, taka ambayo figo hutoa kwenye damu, hupanda siku chache kisha hushuka. Wanaofikia dialisisi ni 1 hadi 5 hivi, na baadhi yao huiacha figo zikizinduka. Lakini sitakuficha: mama yako ana hatari kubwa kuliko mgonjwa wa kawaida.

Hiyo kreatinini ya 132 inaonekana ndogo kwenye karatasi. Ukiipiga hesabu na umri wake, figo zinachuja mililita 40 hivi kwa dakika, wakati kijana mwenye afya huchuja takriban 100. Figo iliyochoka kabla ya upasuaji ni miongoni mwa viashiria vizito kuliko vyote. Kisukari, presha na umri huongeza mzigo. Upungufu wa damu pia, kwa hiyo uliza hemoglobini yake ni ngapi. Ikiwa chini, itafutiwe sababu na tiba mapema. Moyo unaosukuma kwa unyonge, upasuaji wa dharura au wa kurudia, na vali kubadilishwa pamoja na kuunganishwa mishipa ya moyo, vyote hupandisha hatari.

Kwenye chumba cha upasuaji, mashine hushika kazi ya moyo na mapafu. Figo hupokea karibu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, lakini sehemu yake ya ndani huishi kwa oksijeni kidogo hata siku za raha. Mashine kwa kawaida husukuma damu bila mapigo, baadhi ya chembe nyekundu hupasuka, na hemoglobini inayomwagika huumiza figo. Kadiri muda wa mashine unavyorefuka, ndivyo hatari inavyopanda.

Picha ya Jumatatu ndiyo ningeiulizia sana. Dawa ya rangi huweza kuziumiza figo dhaifu, na kupasuliwa kabla hazijatulia ni kuzipiga mara mbili. Kama si dharura, kreatinini ipimwe tena saa 48 hadi 72 baada ya picha. Ikiwa imepanda, muulize daktari mpasuaji kama tarehe inaweza kusogezwa, usione haya. Lakini kama mama anakosa pumzi hata akilala, kungoja nako ni hatari, na hapo moyo ndio utangulie.

Siku ya kulazwa beba dawa zake zote, za miti shamba zikiwemo. Binti mmoja aliwahi kumwaga mfuko wa mamake mezani kwangu: pakiti 3, majina 3, kutoka kemisti 3, na zote zilikuwa diklofenaki. Dawa za presha na sukari msizikate wenyewe; daktari wa usingizi atawaambia ipi isimamishwe na siku gani.

Baada ya upasuaji, angalia mfuko wa mkojo pembeni mwa kitanda. Kreatinini huchelewa kupanda, saa 24 hadi 48, lakini mkojo huweza kutoa habari mapema. Kwa mtu wa kilo 64, mkojo ukiwa chini ya mililita 32 kwa saa, yaani vijiko viwili vya mezani na kidogo, kwa saa 6 mfululizo, hiyo ni dalili ya jeraha. Muulize muuguzi tarakimu za kila saa, huwa anaziandika. Jamaa wengi huomba mgonjwa adungwe dawa ya kukojoa ili figo zilindwe. Dawa hiyo hutoa maji yaliyozidi mwilini, haizuii jeraha. Kinachosaidia ni presha isishuke, sukari isipande ovyo, na maji yatoshe bila kuzidi.

Akisharudi Kayole, apimwe kreatinini na protini kwenye mkojo baada ya miezi 3, hata akijisikia mzima. Na hayo magoti yatafutiwe mtaalamu wa mazoezi ya viungo kabla hajaanza tena kutafuta vidonge.