Mwanangu, siku ile ulifika?

Jumamosi iliyopita nilipeleka baiskeli kwa fundi pale Kijenge, Arusha. Kwenye benchi alikaa mzee na baiskeli ndogo ya mjukuu wake, breki zimekatika. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Hakuitikia. Alikuwa ameliangalia gurudumu langu la nyuma. Mwishowe akaninyanyulia macho: "Mwanangu, siku ile ulifika?"

Machozi yalinitoka mbele ya watu.

Miaka miwili nyuma tulitoka Moshi saa saba mchana, waendesha baiskeli saba, mwanamke peke yangu. Mnaoipenda barabara hii mnaijua: kilomita 80 hivi, na ni kupanda, maana Moshi iko chini ya mita 1,000 na Arusha inakaribia 1,400. Mlima wa Kikafu ulinichosha nikabaki nyuma. Nilimpigia kiongozi wetu, akasema watanisubiri mbele. Hawakunisubiri. Nimesamehe, lakini sijasahau, na kundi lile sijarudi.

Kabla ya Kikatiti chupa ilinipasulia tairi ubavuni. Tyubu ya akiba ninayo, solusheni ninayo, pampu ninayo. Vyote havikunisaidia, kwa sababu tundu likiwa kwenye tairi lenyewe, ukijaza upepo tyubu inatokeza nje kama puto. Ilipasuka ya kwanza, ikapasuka ya pili. Saa kumi na moja na nusu, jua linashuka, malori yananipita kwa upepo wa kunitupa mtaroni.

Akatokea mzee na mbuzi wake watano. Hakuuliza mengi. Aliipapasa tairi kwa ndani hadi kidole kikatokea kwenye ule mpasuko. Akakaa chini, akavua katambuga ya kushoto, kile kiatu cha tairi kuukuu, akakata kamba ya nyuma kwa kisu. Aliipima kwenye mpasuko, akapunguza ncha, akailaza ndani ya tairi na kuishikilia kwa kiganja wakati mimi naziba tyubu kwa kiraka. "Usiijaze sana," alisema. Nikampa shilingi elfu tano, akanirudishia. Nikaondoka mbio kuwahi giza. Nilipogeuka, alikuwa anachechemea nyuma ya mbuzi, kiatu kinamvuka kila hatua.

Sikumuuliza jina. Hilo ndilo lililoniuma miaka miwili. Nilipita Kikatiti mara nne kumtafuta, lakini utamuuliziaje mtu ambaye unachokijua kwake ni mbuzi na kiatu?

Kwa hiyo nakushauri wewe unayeanza safari ndefu: beba kipande cha tairi kuukuu, urefu wa kidole, pamoja na viraka vyako. Ukikiweka, jaza upepo kiasi tu. Tairi iliyopasuka ifunge nyuma, maana ikipasukia mbele ni rahisi kuanguka. Na mwenzako akibaki nyuma, msubiri! Msubiri hata kama kiongozi amesema twende.

Zaidi ya yote, uliza jina. Omba namba. Mzee aliniambia kwamba usiku ule hakulala vizuri. Asubuhi alikwenda barabarani kuuliza kama kuna mtu wa baiskeli aliyegongwa. Mimi nilikuwa kitandani kwangu, nimeoga, nimekula, nikidhani deni langu kwake ni shukrani tu. Kumbe alikuwa anadai habari. Sisi tunaosaidiwa tunajiona ndio wenye kisa, tunamwacha mwenzetu kando ya barabara na wasiwasi wake. Tuache tabia hiyo. Ukifika, mtu ajue umefika.

Tairi ile niliitupa zamani, kamba nimeitunza. Nilimwonyesha, imo kwenye kimfuko chini ya kiti. Akaigeuzageuza, akanirudishia: "Kaa nayo, bado ngumu."

Breki za mjukuu nililipia mimi, hapo hakukataa. Jumapili nikaendesha mpaka Usa River na kurudi. Nilipoegemeza baiskeli ukutani nikampigia kabla sijavua kofia.

"Shikamoo mzee. Nimefika."

"Marahaba mwanangu. Haya, kanywe maji."