Sarafu ya mnadani haina bei mpaka watu wawili waitake

Swali ninaloulizwa mara nyingi linakuja hivi: "Kaka, nina Tembo wa Tabora aliyeachwa na babu. Nimeona mtandaoni mwingine kauzwa pesa ndefu. Wangu atafika huko?" Jibu langu ni kwamba sijui, na anayekuhakikishia kuwa anajua, mchunguze, huenda ana sarafu anayotaka kukuuzia.

Kwa wasiomfahamu, Tembo ni sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa mwaka 1916 katika karakana ya reli ya Tabora, wakati Wajerumani wamebanwa na vita na pesa kutoka kwao haziwafikii. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke. Zilipigwa 16,198 tu, kila moja ina gramu 7.168, na robo tatu ya uzito huo ni dhahabu tupu. Kwa hiyo Tembo halisi ana sakafu: mnada ukidorora, sonara bado ataipima dhahabu yake. Pesa ya shaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar, ile ya 1299 Hijria yenye picha ya mizani, haina sakafu hiyo. Asipotokea wa kuitaka, ni kipande cha shaba.

Juu ya sakafu, mambo ni ya watu. Nimeona Tembo wawili wa daraja moja la ubora, ukiwatazama pichani huwatofautishi, wakipita mnadani kwa kupishana miezi michache. Wa kwanza alipita makadirio kwa mbali. Wa pili akakwama karibu na bei ya kianzio. Sioni ajabu. Bei ya mnadani huwekwa na yule aliyeshindwa mwisho, kwani mshindi hulipa hatua moja tu juu yake. Safari ya kwanza walikuwepo wawili wenye uchu. Safari ya pili mmoja alishapata wake, hana haja ya mwingine, na yule mwenzake akabaki peke yake akishindana na ukuta. Ndiyo maana nasema usiangalie matokeo ya mnada mmoja. Tafuta mauzo ya miaka kadhaa, uanze na yale ya chini.

Halafu piga hesabu ya ada, maana hapa ndipo wengi wanapolizwa. Chukua mfano: nyundo ya dalali imegonga, mnada umefungwa kwenye dola 1,000, na ada ya mnunuzi ni asilimia 20. Umelipa 1,200. Siku ya kuuza, dalali anakukata asilimia 10 ya bei ya nyundo. Ili 1,200 yako irudi kamili, nyundo igonge 1,333 na ushei, na mnunuzi mpya atoe 1,600 mfukoni mwake. Sarafu imepanda kwa theluthi nzima na wewe hujapata hata nauli. Usafirishaji, bima na ushuru sijavigusa.

Hali ya sarafu nayo haina huruma. Tembo wengi walivaliwa kama vidani. Ishike kwa kingo, uigeuze taratibu chini ya taa moja, uchunguze ukingo wa juu: ukiona kikovu au mng'ao usiofanana na sehemu nyingine, hapo palilehemiwa kipete. Sarafu za shaba zilisuguliwa kwa ndimu na majivu, siku hizi kwa Brasso, na wakusanyaji wanazikimbia. Nakuomba, usisafishe kitu.

Na bei yaweza kuanguka bila kosa la mtu yeyote. Dola ya fedha ya Marekani ya mwaka 1903 iliyopigwa New Orleans ilikuwa kwenye katalogi kwa takriban dola 1,500. Mwaka 1962 hazina ya serikali ikafungua magunia yaliyokaa ghalani, sarafu zikamwagika sokoni, bei ikashuka hadi dola 30 hivi. Aliyenunua mwezi mmoja kabla alikuwa amefanya utafiti wake vizuri tu.

Hata vigogo hawajui. Dola 20 ya dhahabu ya 1933 iliuzwa dola milioni 7.59 mwaka 2002, ikarudi mnadani 2021 na kufika milioni 18.9. Dola ya fedha ya 1794 iliuzwa zaidi ya milioni 10 mwaka 2013. Ilipopelekwa mnadani Las Vegas mwaka 2020, haikufikia bei ya chini aliyoweka mwenye sarafu, ile ambayo chini yake hauzi, ikarudi nyumbani. Aliuza 2022 kwa milioni 12, nje ya mnada.

Yule aliweza kusubiri zaidi ya mwaka. Wewe ukiwa na ada ya shule ya kulipa Januari, usitegemee sarafu. Na kama umeamua kuipeleka, kabla ya kutia sahihi muulize dalali mambo mawili: naruhusiwa kuweka bei ya chini, na isipouzwa unanitoza shilingi ngapi? Majibu yawe ndani ya mkataba. Ya kwenye simu hayahesabiki.